Rudisha Nyuma Kidogo

"Mjomba, rudisha nyuma kidogo. Hapo hapo, kwenye kofia."

Mpwa wangu ana miaka 16. Jioni ile alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kauegemeza kwenye kochi, na rimoti ilikuwa kwangu. Tulikuwa tunatazama Saving Private Ryan, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1998. Mimi nimeshaitazama mpaka nikaacha kuhesabu. Kwake ilikuwa mara ya kwanza. Milango ya boti imefunguka, maji ya ufukwe wa Omaha, pwani ya Normandy Ufaransa, yamekuwa mekundu, na askari mmoja kijana, kajibanza na wenzake, anapigwa risasi kwenye kofia ya chuma. Kofia inalia, risasi inateleza. Aliye jirani yake anamwambia ana bahati. Kijana anaivua kofia na kuitazama, macho yamemtoka kwa mshangao wa kujikuta bado yu hai.

Risasi ya pili inampata kwenye paji la uso.

"Duh!" Mpwa wangu aliruka. "Rudisha!"

Nikarudisha. Tukaitazama tena. Safari hii alikuwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, apate kujua ni sekunde ngapi kati ya risasi na risasi. Akacheka, kicheko cha mtu aliyeona ufundi wa hali ya juu. Akaomba mara ya tatu. Kidole changu kilikuwa tayari kimekaa juu ya kitufe.

Sikubonyeza.

"Tuendelee," nikasema. Akanitazama, akashangaa, akarudi kwenye filamu. Kwake likaishia hapo. Kwangu halikuisha, kwa sababu tukio lile nalipenda hata mimi. Nimelisimulia kwa marafiki zaidi ya mara moja, na kila nilipolisimulia nilihakikisha nimenyamaza kidogo kabla ya risasi ya pili, ili waruke kama alivyoruka yeye. Sasa nimemnyima mtoto kitu ambacho mimi mwenyewe nimejipa kwa zaidi ya miaka 20, na sikuwa na sababu ya kumwambia.

Wiki tatu nimekuwa nikiitafuta.

## Karatasi

Mtu akiniuliza filamu za vita ninazozipenda, jibu liko mdomoni. Nataja tano bila kufikiri, na nikipewa nafasi nafika kumi na mbili. Kila moja ilikuwa na sifa yake: hii mapigano yake yamepangwa vizuri, ile mizinga yake inatikisa kifua, nyingine ina mkuu wa kikosi ambaye ungemfuata hata kwenye moto.

Siku chache baada ya jioni ile nilichukua karatasi, nikaandika majina yake yote. Mbele ya kila jina nikaandika kile ninachokikumbuka. Nikajikataza kuandika ninachokisifia mbele za watu. Nilitaka kile kinachonijia chenyewe nikiwa naoga, au nikiwa njiani bila kufikiria filamu yoyote.

Mizinga haikuja. Karatasi nzima haikuwa na mlipuko hata mmoja.

Likaja kopo la peremende. Kikaja kitambaa cha jina kilichoshonwa kwenye kola ya koti. Ukaja mlio wa nzi. Ukaja mkono unaoshika seng'enge, na msichana anayeimba huku machozi yanamtoka.

Na ile kofia.

## Mikono juu

Dakika chache baada ya kofia, ufukwe umeshatekwa. Askari wawili wenye sare za Kijerumani wanatoka kwenye mahandaki, mikono juu, wanazungumza kwa haraka. Wamarekani wawili waliosimama mbele yao wanajifanya hawawaelewi, kisha wanawapiga risasi. Mmoja anauliza wale walikuwa wanasema nini. Mwenzake anainua mikono kama marehemu na kujibu kwamba walikuwa wanasema wameshanawa, wako tayari kwa chakula.

Nilicheka hapo. Miaka mingi nimecheka hapo.

Kisha nikaja kujua kwamba wale wawili hawasemi Kijerumani. Wanasema Kicheki. Wanasihi wasipigwe risasi, wao si Wajerumani, ni Wacheki, hawajamuua mtu. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limezoa vijana kutoka nchi lilizozikalia, na baadhi yao walipangwa kulinda pwani ile ya Normandy. Spielberg anawaonyesha bila kuweka tafsiri chini ya picha. Usipojua lugha yao, unawekwa pale pale walipo wale wenye bunduki: unasikia kelele tu, unaona mikono tu, na mzaha unaofuata unauelewa kwa lugha yako vizuri kabisa.

Siku nilipojua, nilirudisha nyuma mara nne. Nilikuwa nawasikiliza.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunichanganya. Filamu ileile, ndani ya nusu saa ileile, imenifanya niruke kwa furaha kijana alipokufa, na imenitega nicheke wanaosihi wasiuawe. Je, mtego wa pili ulikuwa jibu kwa ule wa kwanza? Au mwongozaji alijua tu namna ya kumshika mtazamaji, akamshika kila alipoweza? Nimeligeuza swali hili huku na huku. Kuna siku naamini Spielberg alitaka nijione aibu. Siku nyingine namkumbuka mpwa wangu anavyohesabu sekunde, na imani hiyo inapungua.

Karibu na mwisho wa filamu hiyo yuko Upham, mkalimani. Amevishwa mikanda ya risasi shingoni, kazi yake ni kuwapelekea wenzake ghorofani. Anakwama kwenye ngazi. Juu yake, chumbani, mwenzake Mellish anagaragazana na Mjerumani, na kisu kinamwingia kifuani polepole huku anaomba. Upham anasikia kila kitu. Hapandi. Yule aliyeua anashuka, anampita pale ngazini kama anavyopitwa mtoto anayelia.

Nilipokuwa kijana nilimchukia Upham kuliko adui yeyote kwenye filamu ile. Nilimpigia kelele kwenye runinga: panda! Lakini katika filamu nzima yeye ndiye anayefanya kazi yangu. Anasikiliza watu wakifa chumba cha pili, naye kakaa.

## Muziki wa helikopta

Kuna kauli ya François Truffaut, mwongozaji wa Kifaransa, inayotajwa kila filamu za vita zinapojadiliwa: kwamba kila filamu inayohusu vita huishia kuvipigia debe. Niliposoma kauli hiyo mara ya kwanza niliipuuza. Niliona ni maneno ya mtu anayependa kubisha.

Sasa siwezi kuipuuza, kwa sababu ya Apocalypse Now.

Francis Ford Coppola aliitoa mwaka 1979 baada ya kupiga picha Ufilipino kwa zaidi ya siku 200. Helikopta alipewa na jeshi la serikali ya Marcos, rais wa nchi hiyo wakati huo, na kuna nyakati ziliondolewa katikati ya kazi zikapigane na waasi wa kweli. Hata asiyeijua filamu hii amewahi kuona kipande chake: helikopta zimejipanga angani wakati wa mapambazuko, vipaza sauti vinapiga muziki wa Wagner, mtunzi wa Kijerumani, zinashuka kwenye kijiji cha Vietnam. Nywele husimama. Zangu husimama mpaka leo.

Ila kabla ya risasi ya kwanza kupigwa, muziki unakatika ghafla. Tunaletwa chini, kwenye uwanja wa kijiji. Kimya. Kuna shule, watoto wanatoka. Mwanamke anapiga kelele za hatari, watoto wanakimbizwa. Kwa mbali tu, muziki unaanza kusikika, unakuja.

Coppola ametuonyesha. Amesimamisha wimbo wake mtamu ili atuonyeshe zinakoshuka zile helikopta. Na nani anaikumbuka shule ile? Nimewauliza watu sita, wote wanaijua filamu hiyo vizuri. Wote waliimba muziki. Mmoja tu ndiye aliyekumbuka watoto, na alifikiri wako kwenye filamu nyingine.

Mwaka 2005 Sam Mendes alitengeneza Jarhead, kutokana na kumbukumbu za askari aliyepigana Vita vya Ghuba vya mwaka 1991. Humo kuna ukumbi umejaa vijana wa jeshi la Marekani wanaosubiri kwenda jangwani. Wanaonyeshwa nini? Zile zile helikopta. Wanaimba muziki wote kwa sauti moja, wanarusha ngumi hewani, wanashangilia kila kombora. Filamu iliyosemwa kuwa inalaani vita imekuwa ngoma ya kuwapandisha mori.

Nilipoona ukumbi ule nilimwona mpwa wangu. Nikajiona na mimi, rimoti mkononi.

Nikafika mahali nikajiuliza kama niache kabisa. Kwa siku kama kumi sikutazama filamu yoyote ya vita. Nilidhani pengine Truffaut amemaliza mjadala: picha ikishakuwa nzuri, na moto ukishang'aa vizuri kwenye skrini, hakuna maneno ya huruma yatakayoufanya usipendeze.

Lakini karatasi yangu ilikuwa bado mezani, na vilivyoandikwa pale havikuwa moto.

## Stelingi hafi

Kanuni hii tumeijua kabla ya kujua kusoma. Stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, gari lake litaanguka bondeni, lakini usitoke, atarudi. Ukichelewa kuingia, swali lako la kwanza ni "stelingi yupi?", ili ujue roho yako uiweke kwa nani na uiache hapo salama.

Grave of the Fireflies inaivunja kanuni hiyo kabla hujakaa vizuri.

Ni katuni, na naomba neno hilo lisimdanganye mtu. Isao Takahata aliitoa mwaka 1988. Inaanza na kijana, Seita, amekonda, ameegemea nguzo ya kituo cha treni mjini Kobe, Japani, na sauti yake mwenyewe inatuambia kuwa usiku huo wa tarehe 21 Septemba 1945 ndio aliokufa. Vita vimekwisha zaidi ya mwezi mmoja. Watu wanampita. Mfagizi anampekua, anakuta kopo la peremende lenye kutu, analirusha nje gizani. Kopo linaangukia kwenye majani, kifuniko kinatoka, na vinamwagika vipande vya mifupa.

Hapo ndipo filamu inarudi nyuma.

Tunamkuta Seita na mdogo wake Setsuko wakiwa hai, na kopo likiwa limejaa. Kuanzia hapo kila mara msichana yule anapolitikisa, akifurahia mlio wa peremende, sisi tunajua kitakachokuja kulia humo ndani. Peremende zinaisha. Seita anatia maji, anatikisa, anamnywesha utamu uliobaki. Mtoto anameza na kutaja ladha zote alizozipata. Kopo ni hilo hilo, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi yenyewe mwaka 1967, alimpoteza mdogo wake kwa njaa mwaka huo wa 1945. Takahata naye alikuwa mtoto aliyekimbia mabomu ya Okayama. Lakini alikataa katakata filamu yake iitwe ya kupinga vita, na hilo lilinisumbua sana nilipolijua. Kama hii haipingi vita, ipi inapinga? Nadhani nimeanza kumwelewa. Yeye hakuwa anajibizana na vita, alikuwa anawafuata watoto wawili siku kwa siku, njaa kwa njaa, hadi pale tulipokwisha kuambiwa watafika.

Filamu nzima ni kurudisha nyuma. Na hakuna anayetaka kuirudisha tena.

Edward Berger alifanya jambo la karibu na hilo mwaka 2022 katika All Quiet on the Western Front ya Kijerumani, iliyopata Oscar nne. Inaanza na kijana mwingine kabisa. Tunapanda naye kutoka handakini, tunakimbia naye, roho tumeshaiweka kwake. Anakufa. Kamera haimwachi: inafuata koti lake. Linavuliwa, linafungwa pamoja na mengine, linafuliwa kwenye maji yanayobadilika rangi, linapelekwa kwenye chumba cha vyerehani ambako wanawake wanaziba matundu. Kisha linakabidhiwa kwa Paul, mwanafunzi mwenye furaha ya kuandikishwa.

Paul analikuta jina la mtu kwenye kola. Anarudi mezani kwa yule aliyempa: samahani, hili ni la mwingine. Mgawaji anakinyofoa kile kitambaa, anamwambia bila shaka halikumtosha mwenyewe, hutokea sana. Kitambaa kinadondoka sakafuni. Paul anatoka, ameridhika.

Nimetazama filamu hiyo mara mbili. Mapigano yake yamenichanganyikia, siwezi kuyapanga lipi lilitangulia lipi. Kile kitambaa naweza kukuchorea.

## Supu ya moto

Niliahirisha kuandika sehemu hii mpaka mwisho, nikaona nisiidanganye nafsi yangu. Come and See ya Elem Klimov, ya mwaka 1985, ndiyo filamu iliyobadilisha jibu langu.

Husemwa vita havina macho. Filamu hii yote ni macho. Flyora ni kijana wa Belarus, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, na umri wake si mbali na wa mpwa wangu. Anafukua bunduki mchangani ili apokelewe na wapiganaji wa msituni. Mama yake anamlilia asiende; yeye anatabasamu, anafurahi kama Paul na koti lake. Aliyemwigiza, Aleksei Kravchenko, alikuwa na miaka 14 hivi, na filamu inavyokwenda uso wake unazeeka mbele yako mpaka unajiuliza wamefanyaje.

Kuna mlipuko unaomziba masikio Flyora, na kwa dakika kadhaa nasi tunasikia kama yeye: mluzi mwembamba, sauti za watu kama wako chini ya maji. Baada ya hapo anarudi kijijini kwao pamoja na msichana, Glasha. Nyumba iko kimya. Mama hayupo, wadogo zake hawapo. Kwenye jiko kuna supu, na bado ni ya moto. Wanakaa, wanakula. Midoli imelazwa sakafuni. Nzi wanalia chumba kizima.

Glasha anawasikia wale nzi. Flyora hawasikii, au hataki kuwasikia. Anasema anajua walikokimbilia, wako kisiwani, twende. Wanatoka mbio. Akiwa anakimbia, Glasha anageuza kichwa.

Nyuma ya nyumba, miili imerundikwa ukutani. Kijiji kizima.

Tunaiona kwa muda wa kugeuza shingo tu. Kamera haisimami, haisogei karibu, haitupi nafasi ya kuhesabu. Flyora hajageuka, anaendelea kukimbia kuelekea kwenye watu ambao hawako huko. Siku ya kwanza nilipoitazama, nilinyanyua rimoti kurudisha, kwa mazoea tu, nihakikishe kama nimeona nilichokiona. Mkono ukabaki hewani.

Nilipoukumbuka mkono ule hewani, ndipo nilipojua nilichokuwa nakitafuta tangu jioni ile ya kofia. Kwenye kofia, filamu ilinipa kifo kama zawadi iliyofungwa vizuri: kimya, mshangao, mlio. Kimepangwa kama mzaha mzuri unavyopangwa, na mzaha mzuri mtu huomba arudiwe. Klimov amechukua kifo cha kijiji kizima, akakipitisha pembeni ya jicho, kwa haraka, kama kinavyompita mtu anayekimbia. Hakuna cha kurudia. Lakini kimekaa, na nzi ninao mpaka leo.

Ales Adamovich, aliyeandika naye filamu hiyo, alipigana msituni Belarus akiwa kijana mdogo. Klimov akiwa mtoto alivushwa mto Volga, Stalingrad ikiwaka moto nyuma yake. Walisubiri miaka mingi kabla ya wakubwa wa Sovieti kuwaruhusu kuitengeneza. Mwishoni maandishi yanasema vijiji 628 vya Belarus vilichomwa pamoja na watu wake wote. Klimov hakuongoza filamu nyingine tena hadi alipofariki mwaka 2003.

Na mwisho wake, jamani. Flyora anakuta picha ya Hitler imetupwa kwenye dimbwi. Katika filamu nzima hajawahi kufyatua bunduki yake. Sasa anaifyatulia ile picha, na kila anapofyatua, historia inarudi nyuma mbele ya macho yetu: mabomu yanapanda kurudi kwenye ndege, majengo yanasimama, maandamano yanarudi kinyumenyume, Hitler anakuwa kijana. Risasi, nyuma. Risasi, nyuma. Mpaka inafika picha ya mtoto mchanga amepakatwa na mama yake.

Flyora anatetemeka. Hapigi.

## Seng'enge

Camp de Thiaroye, ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, ilitoka mwaka 1988, na ni filamu ya vita ambayo karibu yote inakwenda bila vita. Askari wa Afrika waliopigania Ufaransa, wakatekwa na Wajerumani, wamerudishwa Senegal. Wako kambini Thiaroye, karibu na Dakar, wanadai malipo yao. Wanazungumza, wanapika, wanabishana kuhusu sare na chakula. Mtu mwenye haraka ataona hakuna kinachotokea.

Mmoja wao, Pays, ametoka Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi, na hawezi kusema. Kichwani anavaa kofia ya chuma ya Kijerumani, haivui. Siku wanapofika anaiona seng'enge iliyoizunguka kambi, anaiona minara ya ulinzi. Anaisogelea seng'enge, anaishika. Wenzake wanambembeleza: hii ni Afrika, ndugu yetu, umerudi nyumbani.

Yeye ndiye aliyekuwa anaona sawasawa.

Usiku wa mwisho Pays yuko zamu. Anaona vifaru vinakuja gizani. Anakimbia kuwaamsha, anahangaika kwa mikono, koo linatoa sauti isiyo neno. Wanamtuliza. Wanadhani ni Buchenwald imemrudia. Wanarudi kulala, na vifaru vya Ufaransa vinaishambulia kambi. Ilikuwa tarehe 1 Desemba 1944. Ufaransa ilitangaza wafu 35, idadi ambayo wanahistoria wameipinga kwa miaka, na mwaka 2024 tu ndipo rais wake alipotamka kuwa yale yalikuwa mauaji ya halaiki. Sembène mwenyewe aliwahi kuvaa sare ile ile ya Ufaransa.

Siandiki mengi hapa, kwa sababu kila nikijaribu nabaki na sauti ile isiyo neno, na sijui naiandikaje.

## Dakika chache zaidi

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja tena. "Mjomba, leo chagua wewe." Nikamkabidhi rimoti, nikaweka Paths of Glory, ya Stanley Kubrick, mwaka 1957, nyeusi na nyeupe. Akaguna kidogo kwa rangi yake, akakaa.

Ni Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Ufaransa. Jenerali ameamuru shambulio lisilowezekana, limeshindwa, na sasa askari watatu watauawa kwa kosa la woga ili wengine wajifunze. Usiku wao wa mwisho mmoja anamtazama mende mezani na kulia kwamba kesho mende yule atakuwa hai, yeye amekufa. Mwenzake anamponda mende kwa kiganja. Sasa umemzidi, anamwambia.

Mpwa wangu alicheka. Kicheko kikamkatikia katikati, akakimeza.

Asubuhi mmoja wa wale watatu analetwa kwa machela, fuvu limepasuka, hana fahamu. Wanamfinya mashavu ili afumbue macho, apigwe risasi akiona. Rimoti ilikuwa mkononi mwa kijana. Haikuinuka.

Tukafika mwisho. Askari wa kikosi kile kile wako kwenye baa, wanapiga mbinja. Mwenye baa anamsukuma jukwaani msichana wa Kijerumani, mateka, ili awaburudishe. Analia. Anaanza kuimba na hata hasikiki kwa kelele. Kidogo kidogo kelele zinashuka. Kamera inapita kwenye nyuso, moja moja, za wavulana na za watu wazima wenye ndevu. Hawajui maneno, lakini mmoja anaufuata wimbo kwa kuguna mdomo ukiwa umefungwa, kisha mwingine, kisha ukumbi mzima, na machozi yanawatiririka.

"Anaimba nini?" mpwa wangu akauliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia ni wimbo wa zamani wa Kijerumani, wa askari mwaminifu aliyempenda msichana mmoja, msichana akafa.

Nje ya mlango amesimama Kanali Dax, kamanda wao, anasikiliza. Sajini anamletea amri: wanatakiwa kurudi mstari wa mbele mara moja. Dax anasema wape dakika chache zaidi.

"Kwa hiyo hawa wote wanarudi?"

"Wanarudi."

Ngoma za jeshi zikalia, filamu ikaisha. Skrini ikabaki nyeusi na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Alikuwa anaizungusha rimoti mkononi, polepole, kama yule kijana na kofia yake.

"Mjomba, yule wa siku ile. Wa kofia. Alikuwa anaitwa nani?"

Nikafikiri sana. Nimeitazama filamu ile mpaka nikaacha kuhesabu.

"Hawakumtaja," nikamwambia.